Somo la Rehema, na Mafunzo Yatokayo Magadi



Kila darsa yetu twaianza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na sifa mbili tunazozitaja pale mwanzo, kabla ya sifa nyengine zote, ni sifa za rehema. Haikutangulizwa sifa ya nguvu wala ya ghadhabu. Mwislamu mwenye kusali sala zake tano huitaja rehema hiyo kwa ulimi wake mara nyingi mchana na usiku. Basi swali la somo letu ni hili: je, neno hili tulitajalo mara zote hizo limeteremka kutoka ulimini likafika moyoni, na kutoka moyoni likafika mikononi?

Swali hili hatukulichagua sisi. Tuliletewa na jambo lililotuaibisha, na twaona yatupasa kulisimulia kabla ya kuwafundisha wengine, kwani mwenye kuficha kasoro yake hana ruhusa ya kuzifunua za watu.

JAMBO LILILOTOKEA

Katika mwaka 2022 darsa yetu ilikuwa ikisoma mlango wa haki za jirani. Tukikutana baada ya sala ya Isha, na kila usiku, tukiingia na tukitoka, tulimpita mlinzi wa duka lililo penye kichochoro chetu. Mtu huyo ni Mmasai, na kwao ni pande za Magadi katika Kajiado. Ulikuwa ni mwaka wake wa nne mtaani petu. Sisi sote tukimwita "Masai" tu, kama watu wa miji yetu wawaitavyo walinzi wote wa kabila lake, wala hapakuwa na hata mmoja katika sisi aliyelijua jina alilopewa na wazazi wake.

Mwaka ule ulikuwa ni wa ukame mkubwa. Misimu mitano ya mvua ilikosa kwa kufuatana, tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022, na katika Kenya peke yake mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Kajiado ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopigwa sana. Habari hizi tulizisoma magazetini na kuzisikia redioni. Tulisikitika, tukasema "masikini", kisha tukarudi kwenye shughuli zetu.

Jioni moja mtoto wa chuoni, umri wake miaka minane, alisimama mbele ya mlinzi yule akamwuliza: "Ami, mbona siku hizi huchezi nasi?" Mtu yule akanyamaza kidogo, kisha akamjibu kwamba ng'ombe wake wamekufa. Mtoto akaja mbio kumwambia Maalim.

Tulipotoka kumwuliza tukajua kwamba katika ng'ombe 31 alioachiwa na baba yake wamebakia 2, na kwamba habari hiyo ameipata tangu majuma matatu. Majuma matatu hayo tulimpita pale kila usiku, sisi tutokao kusoma haki za jirani, tukamwinulia mkono, tukaenda zetu kulala.

Maalim akamwambia: "Mbona hukutuambia, ndugu yetu?"

Akajibu kwa upole, bila ya lawama: "Maalim, hapa hapana aliyeniuliza. Na kwetu, haja kama hii humwambii mtu ambaye huna osotua naye."

Neno hilo la mwisho hatukulijua. Tutalieleza mbele, kwa kuwa ndani yake mna nusu ya somo hili.

MANENO NA MAANA ZAKE

Kwanza na tuyapime maneno yetu wenyewe. Huruma ni ule uchungu uingiao moyoni mtu amwonapo mwenziwe amefikwa na jambo. Upole ni ulaini wa ulimi na wa mkono. Wema ni tendo lenyewe. Na rehema ni neno lililoyakusanya yote hayo.

Liko na neno jengine ambalo wageni wanaojifunza lugha yetu hulistaajabia, nalo ni imani. Tukisema fulani ana imani, twaweza kukusudia kwamba anamwamini Mungu, na twaweza kukusudia kwamba ana moyo wa kuwahurumia watu. Na mtu mkatili twasema hana imani. Wazee waliotuachia lugha hii walitumia neno moja kwa mambo mawili, na kwa hakika hawakukosea, kwani mtu adaiye la kwanza naye hana la pili ana deni la kujibu.

Wataalamu wa lugha ya Kiarabu nao hueleza kwamba neno rehema na neno rahimu, yaani tumbo la uzazi, ni ya shina moja. Kwa hiyo kuwaunga jamaa huitwa kuunga rahimu, kwa sababu wametoka tumboni pamoja. Na sisi Waswahili twasema kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Na neno hilo hilo la uchungu, ambalo ni maumivu ya kuzaa, twalitumia tunapomsifu mtu tukasema ana uchungu na watu wake. Basi mwenye rehema ni yule awaonaye watu kama waliotoka tumboni mwake, au kama waliotoka naye tumbo moja.

Sasa tutazame jambo hili hufanyaje kazi ndani ya mtu. Lina milango mitatu: jicho, moyo na mkono. Jicho hujua, moyo huumia, mkono hutenda. Aghalabu twadhani ya kuwa asiyekuwa na huruma kasoro yake iko moyoni, kwamba moyo wake ni jiwe. Lakini turejee kwa yale yaliyotupata sisi. Mioyo yetu haikuwa mawe: usiku ule tulipoisikia habari ya mtu yule, wengine katika sisi walitokwa na machozi. Mkono nao haukuwa mfupi, kwani kabla ya kuondoka pale tulikwisha kukusanya fedha. Mlango uliokuwa umefungwa ni ule wa kwanza. Hatukutazama, wala hatukuuliza. Na moyo hauwezi kuumia kwa lile ambalo jicho halijaliona.

HEROE WA ZIWA MAGADI

Ni nani katika mama zetu asiyeyajua magadi? Hutiwa kidogo tu katika chungu cha maharage au kunde ngumu, zikaiva upesi na kulainika. Na Ziwa Magadi, lililoko kusini mwa Kajiado katika Bonde la Ufa, karibu na mpaka wa Tanzania, limepata jina lake kutokana na neno hili la Kiswahili. Jua la huko ni kali mno. Maji huwa mvuke, na yanayobakia ni ganda jeupe gumu, ambalo watu hulichimba. Kampuni ya kuchimba magadi hayo iliundwa mwaka 1911, ikajengewa njia ya reli inayoungana na reli kuu pale Konza, na kwa miaka mingi shehena zake zimekuwa zikiteremka mpaka Mombasa na kupakiwa melini kwenda ng'ambo, kwa watengenezaji wa vioo na wengineo.

Katika ziwa hilo kulitokea mwaka 1962 jambo linalofaa kufundishwa katika kila chuo chetu.

Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua kubwa zilinyesha katika Afrika ya Mashariki. Ziwa Natron, lililoko ng'ambo ya mpaka upande wa Tanzania, ambalo ndilo pahala pakubwa pa kutagia mayai kwa heroe wadogo, ndege wale wa miguu mirefu na manyoya ya rangi ya waridi, lilifurika. Ndege wakahamia Magadi kwa mamia ya maelfu, wakajenga viota vyao vya tope, wakatotoa. Kisha maji ya Magadi yakapungua kwa jua, na magadi yaliyomo yakazidi kuwa mazito. Makinda waliotembea humo yakawaganda miguuni, yakakauka, tabaka juu ya tabaka, hata mguu wa kinda ukavaa kitu kama furungu la jiwe. Kinda aliyevikwa furungu hilo hakuweza kufuatana na wenziwe kwenda penye maji na chakula. Alijikokota, kisha akaanguka.

Mtu aliyesimama ukingoni mwa ziwa siku zile aliona nini? Aliona uzuri. Aliona ziwa limegeuka rangi ya waridi, akamsifu Muumba, akaenda zake. Furungu lile halikuonekana kwa mbali. Walioliona ni watu wachache waliokuwa wakiwachunguza ndege hao, miongoni mwao Alan Root, mpiga picha za wanyama, waliokuwa tayari kuingia katika tope linalochoma ngozi na kufika kwa makinda wenyewe. Walipokwisha kuona, waliita wenzao wa kuwasaidia. Wakawa wakimshika kinda mmoja mmoja, wakaligonga furungu lake polepole mpaka likapasuka, wakamwacha aende, wakamshika mwengine. Kwa njia hiyo walifunguliwa makinda zaidi ya 20,000. Na wengine wengi kuliko hao waliswagwa kuelekea kwenye maji mepesi kabla hawajafungika.

Hebu tufikiri, ndugu zetu. Mafuno ya kazi ile kwa watu wale yalikuwa ni nini? Heroe hachinjwi akaliwa wala haleti fedha, na yule aliyefunguliwa hakurudi kushukuru. Na mbele ya mamia ya maelfu ya ndege, mtu mvivu angalisema kwamba kumfungua mmoja hakufai kitu. Wao hawakusema hivyo. Walianza na yule aliyekuwa karibu na mkono.

Sisi tumefundishwa jambo hili kabla ya wao. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba masahaba wakiwa safarini walichukua makinda wawili wa ndege, na mama yao akaja akipigapiga mbawa juu yao. Mtume wetu (s.a.w.), ambaye alikuwa amekwenda kwa haja yake, aliporejea alimwona ndege yule, akauliza ni nani aliyemtia uchungu kwa ajili ya wanawe, akaamrisha warudishwe. Tuzingatie neno hilo: aliuliza. Masahaba walikuwepo pale pamoja na ndege yule na hawakuona ila ndege. Yeye aliona mama.

Na katika Bukhari mna habari ya mtu aliyeteremka kisimani kunywa maji, na alipotoka akamwona mbwa anayekula tope kwa kiu. Mtu yule akakikumbuka kiu alichokuwa nacho yeye mwenyewe kitambo kidogo nyuma, akatambua kwamba mbwa yule kimemfika kile kile, akateremka tena, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha; na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Hii ndiyo huruma kwa maana yake iliyo wazi kabisa. Mtu aliipima haja ya mwengine kwa kipimo cha haja yake mwenyewe, kisha akarudi kisimani.

KITOVU: NENO LA WAMASAI

Sasa turudi kwa lile neno la mlinzi wetu.

Osotua kwa lugha ya Kimasai ni kitovu, ule ukambaa unaomwunga mtoto na mama yake. Neno hilo hilo wamelifanya ni jina la ahadi baina ya mtu na mtu. Watu wawili wakiwa na osotua, kila mmoja humwendea mwenziwe anapokuwa na dhiki, na mwenziwe humpa ikiwa anacho. Ahadi hiyo huanzia kwenye haja ndogo au zawadi ndogo, hudumu maisha yote, na hurithiwa na watoto.

Mtaalamu wa Kimarekani, Lee Cronk, aliyeishi na Wamasai wa Mukogodo upande wa Laikipia, ameandika mengi juu ya ada hii. Aeleza kwamba ina adabu zake. Anayeomba haombi ila kile anachokihitaji, wala hazidishi. Anayepewa haandikiwi hesabu. Wamasai wana neno jengine, esile, kwa deni linalolipwa, wala hawalichanganyi na osotua: mtu aweza kumpa mwenziwe mara kumi, mwenziwe asimpe hata mara moja, na wala hapana anayemdai mwenziwe, kwa sababu waliahidiana kusaidiana katika shida wala hawakuahidiana kulipana. Na jambo zima hufanywa kwa heshima na unyenyekevu. Katika mwaka 2011 mtaalamu huyo na wenziwe walitoa matokeo ya hesabu walizozifanya kwa kompyuta, wakipanga mifano ya wafugaji wanaopatwa na misiba kama ukame na maradhi ya mifugo. Wakaona kwamba makundi ya wale wanaosaidiana kwa kanuni hii hudumu zaidi kuliko ya wale wanaokaa kila mtu peke yake.

Tulipofahamishwa haya tuliona haya nyusoni mwetu. Waarabu wamelichukua jina la rehema kutoka tumbo la uzazi; Wamasai wamelichukua jina la kusaidiana kutoka kitovu; na sisi Waswahili humwuliza mtu kitovu chake kimezikwa wapi, tukitaka kujua asili yake, aghalabu kwa ajili ya kumtenga kuliko kumwunga. Ni mara ngapi katika mitaa yetu mtu wa bara ametajwa kwa jina la dharau, na hali katika mila yake mna adabu ya kuomba na kutoa ambayo sisi tunaisoma kitabuni na kuiacha kitabuni?

Katika kumjua mtu ni kujua pia yaliyowapata wazee wake. Wamasai walitiwa katika mkataba na serikali ya Kiingereza mwaka 1904, wakagawanywa sehemu mbili, Laikipia na kusini. Mwaka 1911 ukaletwa mkataba wa pili, na wale wa Laikipia wakahamishwa na kupelekwa kusini, watu na mifugo yao. Walipokwenda mahakamani, mashtaka yao yalikataliwa mwaka 1913. Mwenye kujua haya hamtazami mchungaji aliyepoteza ng'ombe kwa ukame kama mtu aliyepoteza mali tu. Hutambua kwamba mtu huyu kwao ardhi ilikwisha kupungua kabla ya kuzaliwa kwake, na ng'ombe ndiyo iliyokuwa akiba iliyosalia.

Msomaji aweza kuuliza: je, haki ya jirani yamfikia asiyekuwa Mwislamu? Jawabu iko katika mwendo wa masahaba. Abdallah bin Amr alichinjiwa mbuzi nyumbani kwake, na alipoingia aliuliza, akakariri, kama jirani yao Myahudi amepelekewa fungu lake. Hakungoja kuombwa. Aliuliza.

Basi nasi, baada ya kuchelewa majuma matatu, tulimwuliza mlinzi wetu anahitaji nini. Tulikuwa tumekusanya fedha za kununua ng'ombe wawili. Alikataa. Alisema kununua ng'ombe katika ukame ni kununua ngozi. Alichotaka ni nauli ya kwenda kwao na kurudi, na karo ya binti yake kwa muhula mmoja, basi. Baadhi yetu walimshikilia achukue zaidi, akakataa. Tulikuwa twaijua adabu ya kutoa. Ile ya kupokea alitufundisha yeye. Na usiku aliporejea kutoka safari yake alikuja mpaka mlangoni pa darsa, akamsalimu Maalim, akamwuliza: "Na wewe, Maalim, una haja gani?" Katika miaka yote ile hapana aliyewahi kudhani ya kuwa mtu yule naye angetaka kuuliza.

MARADHI YANAYOIUA REHEMA

La kwanza ni mazoea. Jicho lililomwona mtu kila siku huacha kumwona. Ombaomba wa mlango wa msikiti, mchukuzi wa sokoni, mtumishi wa jikoni, hawa twawapita kama tupitavyo nguzo. Jina la jumla, "Masai", "boi", "yaya", ndilo kifuniko cha mazoea hayo, kwani asiyekuwa na jina hana habari ya kuulizwa.

La pili ni masimango. Mtu hutoa kwa mkono wa kuume, kisha ulimi ukamfuata aliyepewa mtaani kote. Qur'ani katika Sura ya Al-Baqara imetukataza kuziharibu sadaka zetu kwa kusimbulia na kuudhi, ikapiga mfano wa udongo ulio juu ya jabali, ambao mvua moja huuondoa wote. Aliyesaidiwa akaaibishwa amebeba mizigo miwili.

La tatu ni huruma ya kikao kimoja. Twakutana matangani, tukalia na mfiwa, tukakaa siku tatu nyumba ikajaa watu na sinia. Siku ya nne mlango hauna mtu, na mjane amebakia na deni la mchele. Machozi yale yalikuwa ya kweli, lakini yalikauka pamoja na mikeka ilipokunjwa.

NJIA ZA KUILEA REHEMA

Yuko asemaye kwamba huruma ni tabia ya kuzaliwa, aliyenyimwa amenyimwa. Imam Ghazali katika Ihya ameikanusha kauli hii. Ameeleza kwamba tabia hupatikana kwa matendo: mwenye kutaka kuwa karimu na ajilazimishe vitendo vya wakarimu, akivumilia uzito wake, mpaka viwe vyepesi na viwe ndiyo maumbile yake. Kama vile kunde ngumu zisivyolainika kwa kutazamwa, ila kwa moto na magadi na saa za kungoja, ndivyo ulivyo moyo. Basi twapendekeza haya, nayo ni mepesi kwa mwenye kutaka:

Kwanza, jua jina la kila mtu unayempita kila siku, umwite kwa jina hilo.

Pili, usiridhike na swali la kwanza. Sisi watu wa pwani tuna salamu ndefu na nzuri, lakini "hujambo" hujibiwa "sijambo" hata na mgonjwa. Ongeza swali la pili, la habari ya nyumbani kwake, kisha simama usikilize jawabu.

Tatu, anza na aliye karibu. Usingoje mpaka uwe na mali ya kuwasaidia wote. Waliowafungua heroe hawakungoja.

Nne, muulize mwenye haja anahitaji nini, wala usimchagulie.

Tano, walee watoto kwa rehema. Al-Aqraa bin Habis alimwona Mtume (s.a.w.) akimbusu mjukuu wake, akasema kwamba yeye ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja, naye Mtume akamfahamisha kwamba asiyerehemu harehemewi. Mtoto asiyebuswa nyumbani atajifunzia wapi upole? Na mtoto anayeuliza habari za mlinzi au za mtumishi asikemewe kwa kuitwa mdadisi. Katika mtaa wetu mzima, aliyeuliza alikuwa ni mtoto.

Sita, jifanye mtu anayeombeka. Ikiwa umekaa na jirani miaka minne na hajakuomba hata chumvi, usijisifu kwamba hana shida. Jitazame uso wako.

MASWALI YA KUJIPIMA

Kila mmoja ayajibu peke yake, kabla ya darsa ijayo, bila ya kumwonyesha mtu:

1. Ni watu wangapi niwaonao kila siku ambao sijui majina yao?

2. Mara ya mwisho nilipotoa, je, nilitoa alichokihitaji mpewa, au nilichotaka kukitoa mimi?

3. Ni nani aliyefiwa mwaka huu ambaye sijarudi kwake tangu matanga kuondoka?

4. Je, yuko mtu asiyekuwa wa kabila langu wala wa dini yangu awezaye kunijia usiku na haja yake?

Ndugu zetu, mvua zilirejea mwaka 2023, na majani yakaota tena pande za Magadi. Mlinzi wetu angali yupo penye kichochoro. Jina lake twalijua sasa, wala hatuliandiki hapa, kwa kuwa kulitangaza si haki yetu. Lakini watoto wa chuoni wamwita kwalo, na jioni utawasikia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu, ambaye rehema Yake imeenea kila kitu, atufungulie macho kabla ya kutuuliza juu ya yale tuliyoyapita. Amin.

Wasalaam.